Timu imepanda Ligi Kuu: piga hesabu kabla ya kusajili

Wiki mbili za kwanza baada ya kupanda kutoka Championship, ligi ya daraja la pili, ndizo za hatari zaidi, maana ndipo ahadi zinapomwagika. Mbunge ameahidi, mfanyabiashara ameahidi, halmashauri nayo imo. Kwenye bajeti, kila ahadi iandikwe sifuri mpaka fedha isomeke benki.

Anza na madeni, si usajili. Toa mikataba yote ya misimu mitatu iliyopita, ya makocha pia, na kwa kila aliyeondoka tafuta barua aliyosaini kwamba hadai chochote. Asiye na barua muite mmalizane sasa. Mchezaji au kocha wa kigeni akishinda kesi FIFA, klabu hupewa siku 45 kulipa. Zikipita, inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu. Deni la milioni nane linaweza kuzuia usajili wa milioni mia mbili. Ubaya wa kuanza ligi usajili haujakaa sawa ulionekana Agosti 2023, Kitayosce ya Tabora ilipoingia Chamazi kucheza na Azam ikiwa na wachezaji wanane tu. Walipopungua chini ya saba, mwamuzi akamaliza mchezo, Azam ikiongoza 4-0.

Baada ya hapo, mishahara. Tuchukue mfano mdogo kabisa: wachezaji 25 kwa wastani wa shilingi milioni 1 kwa mwezi, na benchi la ufundi watu wanane kwa wastani huohuo. Hiyo ni milioni 33. Ongeza 10% ya mwajiri kwa ajili ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakuwa milioni 36.3. Zidisha kwa 12, unapata milioni 435.6. Viongozi wengi huzidisha kwa 10 kwa kuwa ligi ni ya miezi kama kumi, halafu Juni wanashangaa. Mkataba wa mwaka hulipwa mwaka mzima, mpira uchezwe usichezwe. Na usichezee malimbikizo: kwa kanuni za FIFA, mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kukupa notisi ya siku 15, kisha akavunja mkataba kihalali na kudai fidia.

Safari ndizo huwaumbua wageni wa ligi. Timu ni 16, hivyo una mechi 15 za ugenini. Chukua msafara wa watu 28 kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba, kama kilomita 1,400 kwa barabara, siku nne na usiku tatu. Bei hizi ni za makadirio, weka za kwako:

- Vyumba 14 vya watu wawili, 50,000 kwa usiku: 2,100,000
- Chakula, 30,000 kwa mtu kwa siku: 3,360,000
- Dizeli, kilomita 2,800 kwa lita 35 kila kilomita 100, lita moja 3,000: 2,940,000
- Posho, 20,000 kwa mtu kwa siku: 2,240,000

Jumla 10,640,000, na basi halijapata pancha. Siku nne zenyewe ni za kubana, kwa sababu timu iliyolala barabarani ikashuka saa sita usiku haina miguu kesho yake. Ratiba ikitoka, panga safari za kanda moja zifuatane pale inapowezekana: Mwanza na Bukoba kwa mkupuo mmoja huokoa safari nzima ya kurudi. Tenga pia fungu la mechi zitakazoahirishwa, kwa sababu kiporo huja na hoteli yake.

Mapato ya getini yasikulevye. Simba na Yanga kila moja itakuja kwako mara moja tu kwa msimu. Wakiingia watu 4,000 kwa tiketi ya 5,000, milioni 20 hiyo si yako yote: VAT ya 18% iliyomo ndani ya bei ni takriban milioni 3.05, kisha kuna uwanja, gharama za mchezo na makato mengine. Uwanja wako ukifungiwa kwa ubovu wa sehemu ya kuchezea, mechi hiyo utaichezea mkoa wa watu, ukilipa pango na hoteli ukiwa “nyumbani”. Kwa hiyo ukaguzi wa uwanja ufanyike kabla ya kununua straika.

Fedha ya uhakika zaidi ni mgawo wa haki za matangazo. Mkataba wa Azam Media wa mwaka 2021 ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, kwa hiyo mgawo upo. Lakini huja kwa awamu, wakati fedha za usajili na kambi zinadaiwa Julai. Chora jedwali la mwezi kwa mwezi, ukijiwekea nafasi ya mwisho kwenye msimamo na geti sifuri kwa mechi zisizo za Simba na Yanga. Mwezi utakaoonyesha hasi ndio wa kumtafutia mdhamini, na umtafute kabla ligi haijaanza.

Kwenye kila mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja, weka kipengele cha kushuka daraja: mshahara utakuwa kiasi gani timu ikirudi Championship, kitajwe kwa tarakimu na mchezaji akisaini akiwa amekielewa. Ni mazungumzo magumu siku ya kumtambulisha mtu kwa picha na skafu. Machi, mkiwa nafasi ya 15, hakuna atakayekubali.