Kumpokea mwanagenzi gereji: andikeni kazi atakazofundishwa kabla hajashika spana

Wazazi wanaoleta vijana gereji kwangu hapa Morogoro huwa na swali lilelile: "Fundi, atajua gari baada ya muda gani?" Silijibu kwa kutaja idadi ya miezi. Kijana anaweza kukaa gereji miaka miwili akiosha vyuma kwa petroli na kutumwa chai, akatoka anajua namba za spana tu. Mwingine akiingia kazi kwa mpangilio, mwaka haujaisha unamwachia gari la mteja bila wasiwasi. Kwa hiyo tunakaa chini, mimi, kijana na mzazi au mlezi wake, tunaandika orodha ya kazi atakazofundishwa, ipi ianze na ipi ifuate. Kila mmoja anaondoka na nakala yake.

Umri kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliye chini ya 18 haruhusiwi kuwekwa kwenye kazi ya hatari. Gereji ina hatari zake, kwa hiyo mimi napokea waliotimiza 18. Pia mjue kwamba sheria ya fidia kwa wafanyakazi inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Gari likimwangukia huwezi kusema "huyu alikuwa anajifunza tu." Jisajili WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Orodha yangu inaanza na kuinua gari: jeki inawekwa wapi, tairi zinazobaki chini zinazuiwaje, na kwa nini hakuna kuingia uvunguni kabla stendi hazijakaa. Halafu servisi, breki, miguu ya mbele na shokapu, klachi, ndipo injini. Umeme na mashine ya kusoma makosa ya gari vinakuja mwisho, ingawa vijana wote wanataka kuanzia huko.

Kila kazi ina hatua tatu. Anaangalia nikifanya. Anafanya mimi nikiwa pembeni, mikono yangu nyuma. Kisha anafanya peke yake, nami nakagua kabla gari halijatoka. Akifaulu hiyo ya tatu, tunatia saini wote wawili mbele ya kazi ile kwenye orodha na kuhamia inayofuata.

Hapo pembeni ndipo ufundi unapopita kutoka mkono hadi mkono. Chukua plagi, ile inayotoa cheche ndani ya injini. Kijana mgeni anaipachika kwenye spana na kuanza kukaza. Msimamishe. Plagi inaanza kuzungushwa kwa vidole hadi ikae yenyewe, ndipo spana ifuate. Ikiingia upande inakula nyuzi za silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ambayo kwenye magari mengi ya sasa ni aluminiamu, na servisi ndogo inageuka hasara kubwa. Au pedi za breki: ili pedi mpya ziingie umeirudisha pistoni ndani, kwa hiyo gari halisogei hata hatua moja kabla hujakanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Mambo haya hayaonekani kwa kutazama. Lazima yasemwe kwa mdomo, tena siku ile ile kijana akiwa ameshika chuma.

Fedha nazo ziandikwe. Fundi kutoza ada ya kujifunzia si vibaya, kwa sababu muda wako ni mali. Ila kazi anayoifanya kijana peke yake ikishaanza kulipwa na mteja, ada ikome na fungu lake lianze. Mimi natoa nauli na chakula tangu mwanzo, na akishatiwa saini ya servisi anapata asilimia tuliyokubaliana kwenye kila servisi anayoifanya. Kumfanyisha kazi ya fundi huku bado anakulipa ni kumnyonya, na naomba mafundi wenzangu tuache.

Najua hofu iliyopo: "Nikimfundisha yote atafungua gereji jirani, achukue na wateja." Ataondoka tu, awe amejua au hajajua. Akiondoka anajua, kuna kazi itakayomzidi na atakuletea wewe. Na kwa muda atakaokuwa nawe, utaweza kwenda kutafuta vipuri ukijua gereji iko mikononi mwa mtu.

Wenye kampuni kubwa, mlio na wafanyakazi 10 au zaidi, tayari mnalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, na sehemu yake inakwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Basi zungumzeni na chuo cha VETA kilicho karibu. Upo utaratibu wa uanagenzi pacha, ambao mwanafunzi anagawa muda wake kati ya chuo na sehemu ya kazi.

Kijana unayetafuta pa kujifunza, nenda ukae gereji hiyo asubuhi nzima kabla hujatoa hata shilingi. Angalia aliyekutangulia anafanya nini. Kama wa siku nyingi bado yuko kwenye beseni la petroli, tafuta kwingine.

Tangu siku ya kwanza nunua daftari. Andika tarehe, aina ya gari, tatizo, ulichofanya. Litakusaidia ukienda VETA kurasimisha ujuzi, yaani kupimwa kile ulichojifunza mtaani: unafanya kazi mbele ya watahini, unaulizwa maswali, palipo na pengo unafundishwa, kisha unapewa cheti. Mafundi wengi wa mtaani mikono wanayo. Kinachowakwamisha ni kueleza. Ndiyo maana hapa kwangu mwanagenzi aliyetengeneza gari ndiye anayemweleza mwenye gari kilichoharibika na alichokifanya, mimi nimesimama nyuma nasikiliza.