Jinsi ya kupima dunia na kamba ya kuanika nguo

Machi fulani mchana nilipanda juu ya paa la ploti yetu kutoa nguo, nikaangalia chini nikakosa kivuli changu. Kumbe kilikuwa kimejikunja chini ya slipas. Hapo ndio nilianza hii stori, juu Nairobi tuko karibu digrii 1.3 kusini mwa ikweta, kwa hivyo jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu 17 Machi na 26 Septemba, na siku hizo unaweza kupima ukubwa wa dunia bila kununua kitu chochote.

Wazo si langu. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kulikuwa na mzee anaitwa Eratosthenes, alikuwa anasimamia maktaba ya Alexandria kule Misri. Alisikia kwamba kusini, karibu na Aswan ya leo, kuna siku moja ya Juni jua la mchana linaingia kisimani hadi chini, na siku hiyo hiyo kwake Alexandria vitu vina kivuli. Akapima pembe ya kivuli akapata sehemu moja ya 50 ya duara, sasa si ukijua umbali wa hiyo miji miwili unauzidisha mara 50 na dunia yote umeizunguka ukiwa umekaa.

Sisi tutafanya Nairobi na Mombasa. Tafuta mtu wako huko, mimi nina binamu Kisauni, nilipompigia kumweleza akacheka sana, "nyinyi watu wa bara mna mambo", lakini akakubali.

Kila mtu anahitaji kamba ya nguo iliyo mita 2 hivi kutoka sakafuni, kipande cha boksi, uzi, nati moja nzito, chaki na tepu. Toboa boksi tundu dogo la kupita penseli, ulifunge kwa kamba lilale kama sahani, alafu pitisha uzi wenye nati kwenye tundu hadi nati ikaribie kugusa simiti. Ikitulia weka alama ya chaki hapo chini, halafu toa uzi. Usiruke hii ya uzi ukidhani macho yako yanajua wima ni wapi, hayajui. Na ongea na majirani mapema, mara ya kwanza nikiwa ndani natafuta chaki mama wa door three alianika blanketi juu ya boksi langu, ikabidi ningoje kesho yake. Siku moja inaharibu hesabu kidogo, juu jua linasogea kama digrii 0.4.

Sasa angalia chini. Utaona kiduara cha mwanga, upana kama sentimita mbili na kitu, na kingo zake zimefifia. Hicho si umbo la tundu, hata ukitoboa pembe nne kitakuja mviringo, juu ni picha ya jua lenyewe limeangushwa kwa simiti yako. (Jua lenyewe usiliangalie, hata kupitia tundu.) Weka chaki katikati yake, hesabu dakika moja, angalia tena. Kimehama karibu sentimita nzima! Hiyo ni dunia inazunguka na wewe ukiwa juu yake, mimi nilikaa hapo nikichora alama hadi nikasahau ugali kwa jiko.

Weka alama kila dakika 5, kuanzia saa sita na robo hadi saa saba kasoro. Zitajipanga karibu mstari mnyoofu kutoka magharibi kwenda mashariki. Nairobi huo mstari unapita juu ya alama ya nati, mwezi wa Machi ni karibu saa sita na dakika 41. Mombasa unapita pembeni, upande wa kusini, kama dakika 11 mapema. Binamu apime umbali mfupi kabisa kutoka alama ya nati hadi kwa mstari wake. Wetu ulikuwa sentimita 10, kamba ikiwa sentimita 200.

Kumi gawanya kwa mia mbili ni 0.05. Miale ya jua inafika kwetu sote ikiwa sambamba juu jua liko mbali sana, kilomita milioni 150, lakini uzi wangu na uzi wake zote zinaelekea katikati ya dunia, kwa hivyo haziwezi kuwa sambamba. Ile pembetatu nyembamba chini ya kamba ina umbo sawa na pembetatu kubwa kutoka Nairobi na Mombasa hadi katikati ya dunia. Basi chukua umbali wa Nairobi na Mombasa, gawanya kwa 0.05, unapata kilomita kutoka hapa hadi katikati ya dunia.

Hapa ndio nilichemka. Niliweka kilomita 480 za barabara, nikapata 9,600 kutoka hapa hadi katikati ya dunia, nikamwambia binamu sayari imenenepa. Kosa ni kwamba barabara ya Mombasa inaelekea kusini-mashariki na kona zake, na sisi tunataka kusini peke yake. Fungua ramani ya simu, chora mstari kutoka Nairobi kwenda chini moja kwa moja hadi ulingane na Mombasa, utavuka mpaka hadi kusini mwa Arusha, ni kama kilomita 305. Ndio, ramani ishajua jibu, ni kama kudanganya kidogo, lakini kutembea hadi huko sikuwa tayari.

305 gawanya kwa 0.05 ni 6,100. Kwa ukweli hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Tulikosa kwa nusu sentimita hivi ya binamu, kukisia katikati ya kiduara kilichofifia upepo wa Kisauni ukitikisa boksi.

Septemba natafuta mtu wa Lodwar. Huko wako kaskazini mwa ikweta, kiduara kitaangukia upande wa pili wa alama, na kwa kamba ya mita 2 kinafaa kufika sentimita 15 hivi.