Mayai ya Kuoka kwa Boga, Uyoga na Spinachi, Hatua kwa Hatua

Mayai yanayookwa pamoja na mboga, ambayo Waitaliano huyaita frittata, ni mlo rahisi wenye adui mmoja tu, nao ni maji. Boga, uyoga na spinachi, mboga zinazopendeza hasa majira ya majani kupukutika, jioni zinapoanza kuingia baridi, zina maji yanayokaribia au kuzidi asilimia 90 ya uzito wake. Maji hayo yasipotolewa kabla ya mayai kumiminwa, yatatoka ndani ya tanuri, na utakapokata kipande cha kwanza utakikuta kimezungukwa na mchuzi wa kijivu usio na ladha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelekezo haya inahusu kukausha mboga, ilhali mayai yenyewe hayachukui hata nusu saa.

Mahitaji ya watu 4 ni haya: mayai makubwa 8, boga lililomenywa gramu 400, uyoga gramu 250, spinachi gramu 150, kitunguu maji kikubwa 1, punje 2 za kitunguu saumu, krimu mililita 120, jibini gumu lililokunwa gramu 60, siagi kijiko kikubwa 1, mafuta ya zeituni vijiko vikubwa 3, majani ya thaimu kijiko kidogo 1, chumvi, pilipili manga, na kungumanga kidogo sana. Utahitaji pia kikaango kizito chenye upana wa sentimita 25 hivi, ambacho mpini wake unastahimili joto la tanuri.

Hatua ya 1: Boga

Chagua boga lenye nyama ngumu, iliyoshikana na yenye rangi ya chungwa iliyokolea; maboga makubwa mno huwa na nyuzi nyingi na maji mengi, na hayafai kwa kazi hii. Washa tanuri hadi nyuzi 200 za sentigredi, kata boga vipande vya sentimita 2, vipake kijiko kimoja cha mafuta na chumvi kidogo, kisha vitandaze kwenye sinia la kuokea bila kuvibananisha, kwa sababu vikigusana mvuke hunaswa katikati yake, na boga hupikika kwa kuchemka badala ya kuokwa. Baada ya dakika 25 hadi 30, ukiwa umevigeuza mara moja, kingo zitakuwa zimegeuka kahawia na uma utapenya bila kulazimishwa. Boga la kuchemsha halishauriwi hata kidogo, kwani linaongezewa maji yaleyale tunayotaka kuyaondoa.

Hatua ya 2: Uyoga na kitunguu

Wakati boga liko ndani ya tanuri, weka kikaango kwenye moto mkali na utie uyoga uliokatwa vipande vinene, bila mafuta wala chumvi. Wapo wanaoogopa kuosha uyoga, lakini kuusuuza haraka chini ya bomba hakuongezi maji ya kusumbua. Maji yanayosumbua ni yale yaliyomo ndani yake. Baada ya dakika chache utayaona yakijaa kikaangoni. Usiyamwage, maana yamebeba ladha. Yaache yachemke mpaka yakauke kabisa, na sauti ya kikaango ibadilike kutoka kutokota na kuwa mchakarisho wa kukaanga. Hapo ndipo unapotia siagi na chumvi, ukaendelea kukaanga mpaka uyoga ushike rangi ya kahawia, kisha uuepue.

Katika kikaango hichohicho tia kijiko kimoja cha mafuta na kitunguu kilichokatwa vipande vyembamba, upunguze moto, na ukiache kilainike taratibu kwa muda wa dakika 15. Haraka hapa haina faida, kwa kuwa utamu wa kitunguu hujitokeza polepole. Thaimu na kitunguu saumu huingia dakika ya mwisho tu, ili kitunguu saumu kisiungue kikawa kichungu.

Hatua ya 3: Spinachi

Igeuzegeuze spinachi kwenye kikaango chenye moto hadi inyauke, iache ipoe, kisha uifunge ndani ya kitambaa safi na kuikamua kwa nguvu zako zote. Rundo lililojaza bakuli litabaki donge la kutosha kiganjani. Likatekate.

Hatua ya 4: Mayai

Teremsha joto la tanuri hadi nyuzi 160. Vunja kila yai kwenye kikombe kidogo kabla ya kulitia bakulini, ili yai bovu moja lisiharibu mengine. Ongeza krimu, nusu kijiko kidogo cha chumvi, pilipili manga na kungumanga, halafu uyakoroge kwa uma mpaka ute na kiini vichanganyike, lakini uishie hapo. Mayai yaliyopigwa mpaka yakatoa povu huumuka ndani ya tanuri na kupendeza kwa dakika mbili, kisha hunywea na kuwa mfano wa sifongo.

Krimu haiwekwi kwa ajili ya ladha peke yake. Ute huanza kuganda kwenye nyuzi 62 hivi, na kiini hufuata kati ya nyuzi 65 na 70. Joto likizidi sana, protini hujikaza na kukamua maji yaliyokuwa yamenaswa kati yake, kwa hiyo mayai yaliyopitiliza hulowa hata kama mboga zilikaushwa vizuri. Mafuta ya krimu hupunguza kasi ya kukazana huko. Maziwa yasiyopunguzwa mafuta yanafaa pia, ila mlo utakuwa mkavu kiasi.

Hatua ya 5: Kuoka

Pasha kijiko cha mwisho cha mafuta katika kikaango kwenye moto wa wastani, ukizungusha mafuta yapande mpaka kwenye kingo. Tandaza mboga zote, mimina mayai, na kwa dakika mbili hivi vuta kingo zinazoganda kuelekea katikati kwa mwiko. Nyunyiza jibini, kisha ingiza kikaango ndani ya tanuri kwa dakika 12 hadi 18.

Usiamini saa peke yake. Tikisa kikaango kidogo: kingo ziwe zimetulia, na katikati patetemeke bila kuchuruzika. Mwenye kipimajoto cha jikoni akichomeke katikati. Kikisoma nyuzi 72 au 73 mayai yameiva kwa usalama, na yaepuliwe papo hapo kwa sababu joto lililobaki huendelea kuyapika. Funika mpini kwa kitambaa kinene mara tu unapokitoa kikaango, maana ni rahisi kusahau na kuushika kwa mkono mtupu. Acha mlo utulie dakika 10 kabla ya kuukata.

Asiye na tanuri anaweza kufunika kikaango kwenye moto mdogo kabisa kwa dakika 12 hadi 15, mradi afute mara mbili au tatu matone yanayojikusanya chini ya mfuniko. Uso utakuwa mweupe, lakini ulaini utakuwa uleule.

Ukitaka kubadilisha mboga, viazi vitamu na koliflawa huokwa sawasawa na boga. Bitiruti ni tamu, ila hupaka kila kitu rangi ya waridi. Nyanya mbichi ziache kabisa.

Masalio yaingie kwenye jokofu kabla ya muda wa saa 2 kupita, na yaliwe ndani ya siku 3. Ukiyapasha kwa joto kali yatakamuka maji, kwa hiyo yafunike na uyapashe polepole hadi yapate moto mpaka katikati, au uyale yakiwa baridi kati ya vipande viwili vya mkate.