Kuziba viungo vya kuta za matumbawe kwenye magofu ya Kilwa

Kabla ya kugusa ukuta wowote Kilwa Kisiwani au Songo Mnara, kibali cha mambo ya kale kiwe mkononi. Magofu haya yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na hata jiwe lililokwisha kuanguka haliokotwi kabla ya kupigwa picha pale lilipo. Kisha subirini mvua ziishe. Kazi ya chokaa huku Lindi ni ya wakati wa kusi, Juni hadi Septemba.

Saruji iacheni kabisa. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vyenye vitundu, na unyevu uliomo ndani hutoka nje kupitia viungo, yaani nafasi za chokaa kati ya mawe. Ukiziba viungo kwa saruji, unyevu hutafuta njia kwenye jiwe, chumvi inagandia humo, na jiwe linapukutika unga huku saruji imebaki imetokeza kama mbavu. Dawa ya kiraka ni kuwa laini kuliko jiwe.

Chokaa iliyochomwa izimwe kwenye pipa: tia chokaa ndani ya maji, kidogo kidogo. Kumwagia maji juu ya chokaa ni hatari, huchemka ghafla na kuruka machoni. Vaa miwani na glavu, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Koroga, chuja, ifunikwe na maji ya vidole vinne, ikae miezi 3 au zaidi. Ikiiva, inashika kwenye mwiko kama siagi.

Mchanga uwe wa mtoni, wenye chembe kali. Wa ufukweni una chumvi. Jaza nusu chupa, ongeza maji, tikisa, uache utulie. Tope la juu likizidi sehemu moja ya kumi, uoshwe. Changanya ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga mkavu. Mwanzoni mchanganyiko utaonekana mkavu mno na utatamani kuongeza maji. Usiongeze. Uponde kwa mchi dakika ishirini, utalainika wenyewe. Maji ya ziada ndiyo yanayoleta nyufa.

Chimbua kiungo kwa patasi na nyundo ndogo, kina kiwe mara mbili ya upana wake, kisipungue sentimita 2.5. Grainda hukata jiwe, isitumike. Saruji ya zamani iliyong'ang'ania ibaki, kuliko kung'oka na uso wa jiwe. Safisha vumbi, nyunyiza maji kwa bomba la mgongoni jioni, na tena nusu saa kabla ya kujaza. Shindilia kwa tabaka, penye uwazi mkubwa pachika vipande vya matumbawe, na uishie ndani kidogo ya uso wa jiwe. Kidole gumba kisipozama tena, gonga kwa brashi ngumu.

Tundika magunia ya katani mbele ya ukuta, yaloweshwe asubuhi, mchana na jioni kwa siku 10. Chokaa iliyokauka haraka huwa nyeupe na hukwanguka kwa ukucha: itoe yote, uanze upya.

Mtini uliootea juu ya ukuta usivutwe, maana mara nyingi mzizi ndio unaoshikilia mawe. Kata shina, uache ufe, egemeza ukuta kwa boriti, halafu utoe mzizi jiwe kwa jiwe huku ukijenga.

Mwisho ni kichwa cha ukuta, ambako maji huingilia. Hapo tumia chokaa 1, mchanga 2.5 na nusu kipimo cha unga wa matofali ya kuchoma, unaosaidia chokaa kukaza penye maji. Kipe mteremko. Mvua ya kwanza ikinyesha, nenda ukaangalie: maji yakituama mahali, weka alama, uparekebishe kusi ijayo.