Somo: Namna ya kutafuta rekodi ya jinai ya mtu kwenye kaunti (kwa tulioko Marekani)

Wakuu salaam. Kila wiki kuna mtu ananiuliza hili swali, mara ni mama anatafuta yaya, mara ni jamaa anataka kupangisha chumba, mara dada kapata mchumba na roho haijatulia, na wengine wanataka kuona yao wenyewe kabla hawajajaza fomu ya uraia. Halafu wengi wao wameshakatwa hela na yale matovuti yanayokwambia "tumepata rekodi 7 za huyu mtu" ukilipa unaletewa majina ya majirani zake na anwani aliyohama zamani. Nimeamua niandike hapa mara moja. Nitatumia sana mifano ya Texas kwa sababu ndiko niliko, ila njia ni ileile.

Kwanza toeni kichwani ile picha ya nyumbani. Kenya unaenda DCI unachukuliwa alama za vidole unapata cheti cha tabia njema, Tanzania vilevile polisi, ofisi moja kwa nchi nzima imeisha. Hapa hakuna kitu kama hicho kwa raia wa kawaida. FBI wana hifadhi yao lakini huwezi kwenda kumwulizia mtu mwingine, unaruhusiwa kuomba ya kwako tu kwa dola 18 na alama za vidole. Makosa mengi ya jinai hapa ni ya sheria za jimbo, kesi inafunguliwa kwenye mahakama ya kaunti ambako kosa lilitokea, na jalada linabaki kwa karani wa mahakama wa kaunti hiyo. Wakenya naomba msichanganye, hii kaunti haihusiani na mambo ya gavana na MCA, huku kaunti ndipo kesi ilipo, jela ilipo, sherifu alipo.

HATUA YA 1: Jua ni kaunti ipi

Hapa ndipo wengi wanapotea. Kosa linafuata mahali lilipotokea, sio mahali mtu anapoishi. Mtu anaweza akawa anaishi Houston miaka yote halafu alikamatwa usiku mmoja akitoka Galveston, basi jalada liko Galveston na ukitafuta Harris, kaunti ya Houston, hutaona kitu, utasema huyu ni msafi.

Na jina la mji halikwambii kaunti. Katy peke yake imekaa kwenye kaunti tatu, Harris, Fort Bend na Waller. Jiji la Dallas linagusa Dallas, Collin, Denton, Kaufman na Rockwall. Texas nzima ina kaunti 254 kwahiyo huwezi kupitia zote, andika orodha ya kila mahali mtu alipoishi au kufanya kazi miaka ya karibuni uanzie hapo. Walioko Maryland angalieni, Baltimore City na Baltimore County ni vitu viwili tofauti. Louisiana wao hawana kaunti wana parishi, kazi ni ileile.

HATUA YA 2: Ingia kwenye tovuti yenyewe, sio ya madalali

Ukigoogle jina la mtu na neno la rekodi, vya kwanza kutokea vyote ni matangazo. Ruka. Anza na tovuti ya kaunti yenyewe halafu fuata linki ya karani. Watu wanasema angalia .gov, ni kweli mara nyingi, lakini karani wa Harris yuko hcdistrictclerk.com na ni ya serikali kabisa, ndio maana nasema ingia kupitia mlango wa kaunti usibahatishe. Kufungua akaunti pale ni bure.

Texas kuna makarani wawili: District Clerk anashika feloni (makosa makubwa), County Clerk anashika misdimina (makosa madogo). Ila Harris zote mbili ziko kwa District Clerk. Kaunti nyingine unatafuta kote kuwili, usitafute kwa mmoja ukaridhika.

Majimbo mengine yamerahisisha, unatafuta jimbo zima kwa mkupuo bila kulipa: Maryland wana Case Search, Missouri wana Case.net, Indiana mycase, Wisconsin na Pennsylvania nao wanazo. Minnesota nao wameweka yao mtandaoni. New York ukitaka ripoti rasmi ya jimbo lote utatoa dola 95 kwa jina moja, na jina na tarehe ya kuzaliwa lazima viwe vilevile kama vilivyo kwao. California ni wagumu, majalada ya jinai hawayaweki wazi mtandaoni unatakiwa uende mahakamani kwenye kompyuta zao, na tangu uamuzi wa mwaka 2021 huruhusiwi kuchuja majina kwa tarehe ya kuzaliwa. Yaani ukitafuta jina la kawaida Los Angeles andaa chai.

Texas kuna pia DPS, polisi wa jimbo, dola 1 hivi kwa kila utafutaji. Inasaidia ukiwa hujui kaunti, lakini inaonyesha waliotiwa hatiani na wale wa hukumu iliyoahirishwa tu (nimeieleza Hatua ya 4), tena inategemea kaunti ilipeleka taarifa au haikupeleka. Itumie kama dira, jibu liko kaunti.

HATUA YA 3: Majina yetu (soma hii hata kama utaruka nyingine)

Mfumo wao umejengwa kwa mtu mwenye jina la kwanza, la katikati na la ukoo. Sasa mchukue mtu wetu mwenye majina matatu, lake, la baba na la babu. Polisi barabarani anaandika anavyosikia. Juma Hamisi Bakari atakuwa Hamisi Juma, kesho ni Jumma Bakari, kesho kutwa Hamis bila i. Ndugu zetu wa Kongo wanaanza na jina la ukoo, basi kwenye karatasi linageuka kuwa la kwanza. Na kuna wale ambao viza yao ilikuwa na jina moja tu, wakaandikiwa FNU sehemu ya jina la kwanza, maana yake jina la kwanza halijulikani, mtu anaitwa FNU mpaka kwenye bili ya umeme. Mahakamani utamkuta hivyohivyo.

Kwahiyo tafuta kwa kugeuza. Jina la ukoo na herufi ya kwanza tu. Geuza la kwanza liwe la mwisho. Andika kwa h na bila h, kwa y na kwa i. Mohamed peke yake ina tahajia za kutosha kukumalizia jioni. Tovuti nyingi zinakubali uandike mwanzo wa jina halafu nyota.

La pili ni tarehe ya kuzaliwa. Wengi waliopitia kambini, Nyarugusu, Kakuma, Dadaab, waliandikiwa tarehe 1 Januari kwa sababu hapakuwa na cheti. Sasa fikiria kuna Hassan Ali wangapi wamezaliwa 1 Januari mwaka mmoja. Karani anaona jina sawa, tarehe sawa, kampuni inayochunguza waombaji kazi nayo inaona hivyohivyo, mtu ananyimwa kazi kwa kesi ya mtu ambaye hajawahi kumwona. Ukikuta jina na tarehe 01/01 usihukumu hapohapo. Angalia urefu, uzito, anwani, picha kama ipo. Harris kila mtu aliyepita mikononi mwao anapewa namba yake inaitwa SPN, hiyo haibadiliki hata jina likiandikwa vibaya, ukiipata moja unaona kesi zake zote kwenye kaunti hiyo.

HATUA YA 4: Soma matokeo vizuri

Utaona mstari una namba ya kesi, tarehe iliyofunguliwa, mahakama, shtaka, ngazi na mwisho wake. Ngazi ikianza na F ni feloni, M ni misdimina, MA ni daraja A na MB ni daraja B. Watu wakiona neno "assault" wanafunga kompyuta wanampigia shangazi. Tulia. Hilo ni shtaka, ni yale aliyotuhumiwa. Shuka mpaka kwenye matokeo ya mwisho. Ukiona DISM kesi ilitupwa. Kuna kesi ilifunguliwa kama feloni ikaisha kama misdimina. Kuna iliyo wazi bado, huyo hajahukumiwa kwa lolote.

Halafu kuna hii hukumu iliyoahirishwa, Texas wanaita deferred adjudication, mtu anakubali kosa, jaji haandiki kuwa ana hatia, anampa muda wa kuangaliwa, akimaliza salama kesi inafutiliwa. Haionekani kama hukumu ila rekodi inabaki inaonekana mpaka itoke amri ya kuificha. Nitairudia chini kwenye maswali kwa sababu ina mtego kwa wahamiaji.

HATUA YA 5: Ukihitaji karatasi

Kwa ofisi ya uhamiaji au bodi ya manesi, kupiga picha skrini haitoshi. Unaomba nakala iliyothibitishwa yenye muhuri wa karani, inayoonyesha kesi ilivyoisha. Nenda dirishani na namba ya kesi, kitambulisho na dola chache, Harris ni pale 1201 Franklin, jengo lile lililojaa maji ya kimbunga Harvey 2017. Walioko mbali waandike barua au waombe mtandaoni. Usiende bila namba ya kesi, foleni itakutoa jasho.

Vitu ambavyo HUTAVIKUTA hapo: kesi za shirikisho, kama zile za wizi wa pesa za msaada au kuvusha dawa mpakani, hizo ziko PACER, tovuti ya mahakama za shirikisho, senti 10 kwa ukurasa na ukitumia chini ya dola 30 kwa robo mwaka hawakudai. Tiketi za barabarani ziko mahakama za jiji au za JP (hakimu wa kesi ndogondogo). Za watoto na zilizofichwa kwa amri ya jaji hazionekani.

Nawasilisha. Maswali chini.

---

Mama Zawadi: Asante sana kaka. Swali, huyo ninayemtafuta atajua kuwa nimemtafuta? Nisije nikaharibu undugu.

Jibu: Hapana mama, hapati taarifa yoyote, ni rekodi za umma. Ila ukimlipa wakala akuchunguzie mfanyakazi hapo sheria ya 1970 ya FCRA, ya ripoti za kuchunguza watu, inaingia, lazima huyo mfanyakazi akubali kwa maandishi. Na zile tovuti za kutafuta watu zenyewe zimeandika chini kwa maandishi madogo usitumie kuajiri wala kupangisha.

Wa Uvira: Salaam ndugu. Mimi niko Fort Worth, yangu ndiyo hiyo ya 1 Januari kabisa. Ghala moja walinipa kazi halafu wakasema rekodi inaonyesha nilikamatwa na silaha Arizona. Arizona sijafika hata kwa basi. Nifanye nini?

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Kabla hawajakunyima kazi walitakiwa wakupe nakala ya ripoti na jina la kampuni iliyoitengeneza, kama hawakukupa idai leo. Kwenye ripoti tafuta kaunti na namba ya kesi, mpigie karani wa kaunti hiyo uliza vitu vya mwili vya mshtakiwa, urefu, anwani, tarehe ya kukamatwa. Siku hiyo wewe ulikuwa wapi? Stabu ya mshahara, karatasi ya kliniki, chochote. Andikia ile kampuni barua ya pingamizi ukiambatisha, kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Tuma kwa posta yenye risiti usipige simu tu. Na mwambie mwajiri umepinga, wengine wanasubiri. Wakikuzungusha kuna mawakili wa kesi hizi wasiodai hela mbele.

Kamau Arlington: Mkuu mimi nilikuwa na kesi kitambo Dallas, ile ya deferred. Lawyer akaniambia nikimaliza probation imeisha, ni kama haikuwahi kuwa. Sasa nafill N-400, ile fomu ya uraia, kwenye swali la kukamatwa si naweka tu No?

Jibu: Kamau USIWEKE No. Fomu inauliza kama umewahi kukamatwa, KUWAHI, haiulizi kama bado iko. Alama zako za vidole wanazo. Wengi wanaangukia hapo, kosa lilikuwa dogo lakini uongo ukawa mkubwa kuliko kosa. Na ule mtego niliosema: tangu sheria ya 1996, kwa uhamiaji ukikubali kosa mbele ya jaji na ukapewa adhabu yoyote hata kuangaliwa tu, wao wanahesabu umetiwa hatiani hata kama Texas inasema hapana. Lawyer wako wa jinai alisema kweli kwa upande wake. Chukua nakala yenye muhuri Dallas, usitume fomu, kaa kwanza na wakili wa uhamiaji, na kama ilikuwa ya dawa au mambo ya nyumbani usisafiri hata kwenda Nairobi kuzika kabla hujamwona.

Kamau Arlington: Duh. Na nilikuwa nimebook December.

Jibu: Piga simu kesho asubuhi.

Dada Mwanaisha: Kama mtu kakamatwa jana usiku atakuwa ameshatokea kwa karani?

Jibu: Pengine bado dada. Mtafute kwanza kwenye tovuti ya sherifu wa kaunti, sehemu ya waliomo jela, huko wanaonekana mapema pamoja na kiasi cha dhamana. Hayupo, jaribu jela ya mji.

Sitaki Jina: Mi sina karatasi. Nina kesi ya zamani nataka nione iliishaje lakini naogopa kwenda pale dirishani.

Jibu: Karani hakuulizi karatasi za uhamiaji, kazi yake ni majalada. Lakini kama unahisi una waranti au ulikosa tarehe ya mahakama usiende mwenyewe, na siku hizi maafisa wa uhamiaji wamerudia kukamatia watu kwenye majengo ya mahakama. Kwa vile ni rekodi ya umma mtu yeyote anaweza kukuchukulia, rafiki mwenye karatasi, mchungaji, wakili. Anzia mtandaoni utoe namba ya kesi, mpe yeye hiyo namba aende nayo, hahitaji kusema ni ya nani wala anakujua.