Usiache picha ya karatasi iguse kioo

Kama umenunua mchoro wa kuchapwa wa Mtaa wa India, Bagamoyo, ile milango ya nakshi na baraza zake, usikubali fundi fremu aibane karatasi moja kwa moja kwenye kioo. Mwambie aweke ukanda wa kadibodi ngumu pembeni pande zote nne, kati ya kioo na karatasi, unene wa milimita 2 au 3. Upana wake ukiwa mdogo kuliko ukingo wa fremu unaofunika kioo, ukanda hauonekani kabisa. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Kioo kikipoa, umande hujikusanya kwa ndani, karatasi inalowa, wino unanata. Yangu ya kwanza niliibandua, nusu ya mlango ikabaki kwenye kioo. Inaniuma mpaka leo.

Ukanda hausaidii ukitundika kwenye ukuta mkongwe wa mawe na chokaa unaovuta maji kutoka chini, maana unyevu utapita nyuma. Hapo gundisha vipande vya kizibo kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite, au tafuta ukuta mkavu. Na kama picha imeshanata, usiivute. Iache na kioo chake.