Somo: Mbao za mnazi na mbao kuukuu za kukanyagwa

Wengi huuliza kama mnazi ni mgumu. Inategemea ubao umetoka sehemu gani ya gogo. Mnazi hauna pete kama mvule. Una nyuzi nyeusi ngumu zilizosongamana karibu na gome na kupungua kuelekea katikati. Gogo lile lile hukupa ubao wa ngazi na ubao unaobonyea kwa ukucha.

1. Tazama ncha ya ubao, pale ulipokatwa. Vidoti vyeusi, yaani ncha za zile nyuzi, vikibanana, ubao unafaa sakafu. Vikiachana, usiukanyage. Chagua shina la chini, ni zito kuliko la juu.

2. Pima uzito. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 5 kwa 2, kiweke kwenye mizani ya jikoni. Gramu 60 kwenda juu, weka sakafuni. Kati ya 40 na 60, fanyia dari au ukuta. Chini ya hapo, mapambo tu. Kiwe kikavu kabisa, maana ubao mbichi una uzito wa maji na utakudanganya.

3. Mbao za majahazi na nyumba zilizovunjwa, pitisha sumaku kwanza. Msumari uliobaki huharibu randa, na mti unaozunguka kutu huwa mweusi, umelegea. Kata sehemu hiyo yote. Kipande cha mvule cha kipimo kile kile huwa na gramu 65 hivi, mbambakofi karibu 80. Kikiwa chepesi mno, shuku kuoza au wadudu.

4. Mnazi una silika, yaani madini magumu kama ya mchanga, inayokula meno ya msumeno, kwa hiyo tumia meno ya kabaidi, ambayo ni magumu kuliko chuma cha kawaida. Vaa barakoa: vumbi la mvule linawasha vibaya.

5. Paka vanishi ya sakafu, weka zulia mlangoni. Mchanga wa kwatzi (madini magumu) ni mgumu kuliko mti wowote, nao ndio unaosaga sakafu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Baraza langu linanyeshewa, niweke mnazi?*
Marahaba. Hapana, mwanangu. Hata ule mgumu huoza upesi ukilowa mara kwa mara. Tafuta mbambakofi au mvule.

*Ubao wa katikati nikiupaka vanishi mara nyingi, hautakuwa mgumu?*
Vanishi hukaa juu tu. Mguu wa kiti ukikandamiza, ubao unadidimia na vanishi inapasuka.